Taa Inayowaka Mbele ya Fundi

Kila fundi umeme wa magari anaijua aibu moja ambayo haimo vitabuni. Mteja anakuja akilalamika kwamba taa zake zinazimika. Unawasha swichi, taa zinawaka. Unazima, unawasha tena, zinawaka. Unapiga bodi kwa ngumi, unatikisa nyaya, unalizungusha gari uani mara mbili, na taa zinawaka kana kwamba zimetoka dukani jana. Mteja anakutazama, nawe unamtazama. Mmoja wenu anaonekana mwongo, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeshika testa, mara nyingi huyo mmoja si wewe.

Nimefanya kazi hii mjini Arusha kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika kurasa hizi nataka kulizungumza swali ambalo aibu hiyo iliniletea. Mtu akisema kwamba jambo fulani limetokea, nasi tukaenda kutazama tusilione, tuna deni gani kwake? Je, tuna haki ya kumwambia kwamba jambo hilo halipo? Najua swali linaonekana dogo. Hata mimi niliona ni dogo, mpaka lilipomnyima kijana mmoja kazi yake, na nusura liue watu waliojaa basi zima.

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa fundi wa kampuni moja iliyokuwa ikiwapeleka watalii kulala kwenye mahema katika hifadhi za kaskazini. Watalii walipanda gari lao, na nyuma yake, au mbele yake kwa saa kadhaa, lilikwenda gari la mizigo likikokota trela la kambi. Trela lenyewe lilikuwa la magurudumu mawili, lenye sanduku refu la bati. Ndani yake mlipangwa mahema, magodoro, mitungi ya gesi na masanduku ya chakula, na sehemu ya nyuma ya sakafu ilibeba madumu kumi na mawili ya maji, kila moja la lita 20. Mbele, chini ya ubao, palikuwa na betri ya volti 12 iliyowasha taa tatu za jikoni, ili mpishi aweze kupika na kuosha vyombo usiku. Nyuma palikuwa na taa za barabarani: nyekundu, za breki na za kuonyesha kona. Hizo zilipata umeme kutoka kwenye gari, kwa plagi ya pini saba.

Safari ile ilikuwa na utingo, kijana wa miaka kama ishirini hivi. Kazi yake ilikuwa kupakia, kupakua, kusimamisha mahema, na kumwongoza dereva anaporudi nyuma kuegesha. Siku moja baada ya kurudi kutoka Serengeti alinijia gereji.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Taa za trela zinazimika, fundi. Za nyuma na za jikoni. Halafu nilipokuwa namwongoza dereva kuegesha, akikanyaga breki, taa za kona nazo zinawaka kidogo kidogo.”

Nilicheka. Breki na taa za kona ni vitu viwili tofauti, vyenye nyaya mbili tofauti na swichi mbili tofauti. Hata hivyo nilifanya wajibu wangu. Nilipima fyuzi, nikachomoa na kuchomeka plagi, nikamwita mwenzangu akanyage breki huku mimi nikitazama nyuma. Taa zote ziliwaka, kila moja kwa zamu yake. Nikaandika katika daftari la kazi: “Limekaguliwa. Halina tatizo.”

Baada ya safari iliyofuata kijana alirudi na maneno yaleyale. Mara hii nilibadili balbu zote na kufunga plagi mpya, ingawa vile vya zamani havikuwa na ubaya wowote niliouona. Nikaandika: “Limetengenezwa.” Leo, nikiyakumbuka maandishi yangu yote ya miaka ile, neno hilo ndilo linaloniona haya zaidi. Mtu hawezi kutengeneza kitu ambacho hajakiona kimeharibika. Nilichotengeneza mimi kilikuwa daftari.

Mara ya tatu alinikuta nina kazi nyingi, na mbele ya wenzangu nikamwambia kwamba labda anatafuta sababu ya trela kulala gereji ili naye alale mjini. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Siku mbili baadaye meneja aliniita, akaniuliza kama ni kweli trela lina hitilafu, au kijana anasumbua tu. Nikamjibu kwa maneno matatu: “Trela ni zima.” Mwisho wa mwezi yule kijana hakuwapo tena.

Naomba msomaji asinihukumu upesi, kwa maana sababu zangu hazikuwa za kipuuzi. Katika kazi hii waongo wapo. Nimewajua madereva waliolegeza nati kwa mikono yao wenyewe ili wapate usiku mmoja nyumbani. Nimewajua wateja waliodai kwamba gari liliharibikia mikononi mwangu, kumbe lilifika likiwa limekufa. Fundi anayeamini kila neno anaoambiwa na kila mtu hatamaliza kazi hata moja. Tena mimi sikukataa kutazama. Nilitazama mara tatu. Ni nani angeweza kudai zaidi?

Wiki chache baadaye gari la watalii liliharibikia Seronera, nami nikatakiwa kwenda kulitengeneza. Niliondoka na gari la mizigo, saa kumi alfajiri, trela likiwa limejaa. Kiti cha nyuma, kile kinachotazama trela, kilikuwa wazi kwa sababu utingo mpya hakuwa amepatikana. Nikaketi pale.

Tulipita Kisongo, tukaingia tambarare ya Monduli. Kulikuwa giza, na nuru ya taa zetu za nyuma ilitandaza wekundu hafifu juu ya lami. Nilikuwa nikiutazama wekundu ule kwa usingizi, kama mtu anavyotazama makaa. Kisha ukatoweka. Nilidhani nimefumba macho. Ukarudi, ukatetemeka, ukatoweka tena, na safari hii haukurudi. Nilianza kupiga ukuta wa gari ili dereva asimame, na wakati huohuo nikaona taa kubwa za basi zikija nyuma yetu kwa kasi. Dereva wa basi hakuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba mbele yake kuna sanduku la bati lisilo na taa. Alituona tulipokuwa ndani ya mwanga wake. Breki zake zililia, basi likayumba hadi nje ya lami, likatupita kwa upande likiwa na magurudumu mawili katika majani. Lilisimama mbele yetu. Sitaandika hapa maneno aliyotuambia yule dereva. Alikuwa na haki ya kila neno.

Baada ya basi kuondoka tuliwasha tochi nikaanza kazi. Plagi ilikuwa sawa. Fyuzi ilikuwa sawa. Nilitikisa nyaya zote nilizoweza kuzifikia, na taa hazikuwaka. Mwisho nikataka kutazama chini ya sakafu, na ili niweze kuinua ubao nikawaomba dereva na mpishi washushe madumu ya maji. Walishusha moja, la pili, la tatu. Waliposhusha la saba, taa za nyuma ziliwaka. Hakuna aliyekuwa amegusa waya wowote. Mpishi aliruka, akadhani ni mimi. Nikawaambia wayarudishe madumu. Taa zikazimika.

Nilibaki nimepiga magoti juu ya lami, na jambo la kwanza lililonijia akilini halikuhusu waya. Lilikuwa hili: mara zote tatu nilizolikagua trela hili lilikuwa tupu.

Sasa nieleze ubaya wenyewe, kwa sababu ndani yake mna mafunzo mengi. Umeme wa gari ni wa kwenda na kurudi. Unatoka katika betri upande wa chanya, unapita kwenye fyuzi, swichi na balbu, kisha sharti urudi kwenye betri upande wa hasi. Usiporudi, hauendi. Njia ya kwenda watu huitunza: ina nyaya za rangi, ina fyuzi, ina swichi ambayo mtu anaishika kwa mkono. Njia ya kurudi husahauliwa, kwa sababu sehemu kubwa yake ni chuma cha bodi na chasisi. Katika trela letu nyaya zote za hasi, za barabarani na za jikoni, zilikusanywa kwenye bolti moja karibu na springi ya nyuma. Aliyezifunga hakukwangua rangi ya chasisi vya kutosha, na waya mmoja alikuwa ameukata mfupi mno. Baada ya miaka ya vumbi na maji kutu ikaingia katikati. Trela likiwa tupu, bolti ilibana kiasi cha kutosha. Likijaa, sakafu ilibonyea, waya mfupi ukavuta, na mguso ukaachana.

Na zile taa za kona zilizowaka kidogo breki inapokanyagwa? Huo ndio mwenendo halisi wa njia mbovu ya kurudi. Umeme wa breki ukikosa njia yake unapenya katika balbu za jirani ili upate pa kurudia, nazo hutoa mwanga hafifu. Maneno yale yaliyonifanya nicheke yalikuwa ushahidi bora kuliko yote. Kijana asiyejua umeme asingeweza kuyabuni. Mwongo hubuni mambo yanayoingia akilini, na huyu aliniletea jambo lisiloingia akilini kwa sababu ndivyo alivyoliona. Fundi aliyekuwa akisikiliza angesimama palepale na kusema: tazama upande wa hasi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana ninaowafundisha hulisahau. Mita ya kupimia volti inaweza kumdanganya fundi mwaminifu. Mjerumani Georg Simon Ohm alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1827 jinsi mkondo wa umeme unavyopungua kadiri kizuizi kinavyozidi. Balbu ya breki ya wati 21 inayowaka kwa volti 12 ina kizuizi cha kama ohm saba. Kutu ikiongeza ohm moja tu, volti moja na nusu hupotea pale penye kutu, na mwanga wa balbu hupungua kwa kama theluthi moja. Lakini ukichomoa balbu na kuweka mita mahali pake, mita itakuonyesha volti 12 kamili. Kwa nini? Kwa sababu mita inavuta mkondo mdogo mno usioweza kuisumbua kutu. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, mbele ya mita unaonekana mzima. Mpe taa ya kuwasha, unaanguka. Kwa hiyo mafundi wa zamani walipenda kupima kwa balbu kubwa badala ya mita: waya haujapimwa mpaka ubebeshwe kazi yake.

Nilitengeneza ubaya ule kulekule barabarani, kulipopambazuka. Nilikwangua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, nikaunga waya mrefu zaidi, nikafunga bolti mpya na kuipaka grisi. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Tukapakia madumu yote, taa zikawaka, tukaendelea na safari.

Tangu siku ile nimejaribu kuelewa kosa langu lilikuwa wapi hasa. Halikuwa katika kutoamini. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika maandishi yake juu ya akili ya binadamu, yaliyotoka kwanza mwaka 1748, alimtaja mwana wa mfalme wa India aliyekataa kuamini habari za maji kugandishwa na baridi. Hume alimtetea: mtu aliyeishi maisha yake yote katika nchi ya joto alikuwa na haki ya kudai ushahidi mkubwa kabla ya kukubali habari ngeni namna ile. Nakubaliana naye kwa kiasi hicho. Kudai ushahidi si dhambi. Swali ni hili: ushahidi huo unautafuta ukiwa umekaa wapi?

Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tuna mfano wetu wenyewe. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba juu yake kuna theluji. Huko London alikuwapo mtaalamu wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika nchi hizi. Cooley alibisha. Theluji karibu na Ikweta haikuingia katika hesabu zake. Ubishi huo uliendelea kwa miaka, hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha. Wakati wote huo Wachaga walikuwa wakiamka kila asubuhi na kuiona. Mtu yeyote wa Moshi atakwambia kwamba mlima ule una saa zake: asubuhi na jioni huonekana, mchana mara nyingi hujifunika mawingu. Mgeni akija saa saba mchana akatazama juu, akaona mawingu tu, atakuwa amesema kweli akisema “sikuona mlima”. Akisema “hakuna mlima”, atakuwa amesema jambo asilolijua.

Hapo ndipo nilipokosea. Kati ya “sikuona” na “halipo” pana umbali mrefu, nami niliuvuka kwa kalamu bila hata kuinua mguu. Daftari langu lingesema “tatizo halikuonekana, trela likiwa tupu, gereji, mchana”, lingekuwa daftari la kweli. Lilisema “halina tatizo”. Meneja alinisikia mimi kwa kuwa nilikuwa fundi, na fundi akisema kitu ni kizima, neno lake linakuwa na uzito kuliko la utingo. Uzito huo niliutumia kukandamiza ukweli bila kusema hata neno moja ambalo wakati ule niliamini ni uongo. Nadhani hii ndiyo aina ya uongo inayotukabili zaidi sisi tunaojiona wakweli.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilipokuwa kijana niliichukulia methali hii kuwa ni utetezi wa wambea. Siku hizi naisikia kwa namna nyingine. Haituagizi kuamini kila linalosemwa. Inatuonya tu kwamba msemaji amesimama mahali fulani, na kutoka pale ameona kitu, kiwe kimekuja au kinakuja.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta yule kijana Mto wa Mbu, akiuza ndizi kando ya barabara. Wakati ule barabara ya kutoka Makuyuni ilikuwa bado ya vumbi, yenye mawimbi kama bati. Siku hizi ina lami hadi lango la Ngorongoro. Nilishuka, akaniamkia kwa heshima ileile. Nikamweleza yote: basi, madumu, bolti. Nikamwomba radhi. Nikamwambia pia kwamba nimekwisha kumweleza meneja, na kwamba nafasi yake ingeweza kupatikana tena.

Alinisikiliza huku akipanga ndizi zake. Kisha akasema: “Mimi nilijua ni maji, fundi.”

“Ulijuaje?”

“Siku ya kwanza kambini taa za jikoni zilikuwa zinazimika. Siku ya tatu, mpishi akishatumia maji, zinawaka vizuri.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

Akanitazama, bila hasira. “Hukuniuliza, fundi. Uliniuliza kama nina uhakika. Hukuniuliza zilikuwa zinazimika lini.”

Kurudi kazini hakutaka. Alisema biashara ya ndizi haina mkubwa wa kumwita mwongo. Nilinunua mkungu mzima, ambao sikuuhitaji, nikaondoka.

Ningependa kumaliza hapa na kusema kwamba nilijifunza. Katika kazi ya umeme nilijifunza kweli. Lakini mtu anaweza kujua jambo kwa mikono yake na asilijue kwa moyo wake kwa muda mrefu. Miaka tisa baadaye, mwaka 2003, binti wa marehemu dada yangu alilalamika kwamba mumewe anampiga. Wazee wanne tulitumwa kwenda kusuluhisha, nami nikiwa mmoja wao. Tulikwenda Jumapili mchana, tukiwa tumetoa taarifa siku mbili kabla. Mume alitupokea vizuri, akatuletea soda, akamwita mkewe kwa sauti ya upole, akamsifu mbele yetu kwa mapishi. Tulimuuliza maswali, akajibu yote. Njiani kurudi tulikubaliana kwamba ni kijana mstaarabu, na kwamba labda mpwa wangu ana hasira za karibu. Tukamtuma mtu amwambie avumilie. Baada ya wiki tano alifika kwangu usiku, mkono umevunjika.

Tulipima trela tupu. Tulikwenda mchana, tukiwa wageni, siku ambayo hapakuwa na deni wala pombe wala mtoto anayelia, tukamkuta mtu aliyekuwa hajabebeshwa chochote. Alionekana mzima kama ule waya wa uzi mmoja mbele ya mita. Tena tulimuuliza mpwa wangu kama ana uhakika kwamba hali ni mbaya kiasi hicho. Hatukumuuliza huwa inaanza saa ngapi.

Mtu atauliza: basi tuamini kila malalamiko? La hasha. Namfikiria mume asiye na kosa anayesingiziwa, kama vile ninavyomfikiria dereva anayelegeza nati. Kama kila anayeshtaki ataaminiwa papo hapo, tutakuwa tumehamisha dhulma kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wala siwezi kusema kwamba kila hitilafu isiyoonekana ipo. Zipo nyingine ambazo hazikuwapo kamwe. Nisemalo ni pungufu ya hapo, na kulitenda ni kugumu zaidi. Deni letu kwa mwenye kutoa habari si kumwamini. Deni letu ni kwenda alikokuwa, saa aliyokuwako, na mzigo uliokuwapo, kabla ya kumwita mwongo. Tukiwa hatuwezi kwenda, kwa maana mara nyingine haiwezekani, basi tuseme kwamba hatukwenda. Na wakati tunasubiri kujua, tumweke salama yule ambaye ataumia zaidi kama anasema kweli. Trela linalodaiwa kuzimika taa lisisafiri usiku. Mke anayesema anapigwa asirudishwe nyumbani kwa ajili ya majaribio.

Jambo hili lina gharama zake. Ili kupima trela lililojaa ningelazimika kupakia madumu kumi na mawili ya maji, yaani kilo 240, kwa ajili ya maneno ya utingo. Ningechelewesha kazi nyingine na wenzangu wangenicheka. Nadhani hiyo ndiyo sababu halisi ya mimi kulikagua likiwa tupu. Haikuwa kwamba nina shaka za kifalsafa. Mzigo ulikuwa mzito, na aliyeniletea habari alikuwa mtu mdogo. Angekuwa meneja ndiye aliyesema taa zinazimika, ningeyapakia madumu yale kwa mikono yangu.

Siku hizi gereji yangu ni ndogo na macho yangu yamepungua nguvu, lakini daftari bado lipo. Vijana ninaowafundisha wamekatazwa kuandika “halina tatizo” au “ni zima”. Wanaandika walichokiona, walipokionea, saa gani, na gari likiwa na mzigo au tupu. Mwanzoni wanalalamika kwamba ni maneno mengi. Mteja naye anapokuja na taa zinazokataa kuzimika mbele yetu, hatumuulizi tena kama ana uhakika. Tunamvutia kiti, tunamwuliza: zilizimika wapi, na ulikuwa umebeba nini?